UZI: Nchi gani ina pwani ndefu kuliko zote duniani? Nimeipima Pemba kwa uzi wa cherehani nikaelewa kwa nini majibu hayafanani

Mtu wa Wesha (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa, wakubwa zangu shkamooni.

Juzi baada ya laasiri tumekaa barazani hapa Chake Chake, Pemba, kahawa inazunguka, akaja mtoto wa dada yangu na daftari lake, yuko darasa la sita, maalim wao kawapa kazi waandike nchi tano zenye pwani ndefu kuliko zote. Basi pale pale ukazuka mjadala. Babu mmoja aliyefanya ubaharia meli za nje miaka mingi akasema hilo halina haja ya kuulizwa, ni Urusi, si ndio nchi kubwa kuliko zote. Mwengine akakataa, akasema Marekani, ina bahari kulia na bahari kushoto. Mie nikasema Canada, hakuna aliyenikubalia, na mtoto akaondoka hajaandika kitu. Usiku likanikaa moyoni, nikaanza kutafuta, na nilivotafuta nikakuta jambo lenyewe kubwa kuliko nilivodhani, ndio maana uzi huu utakuwa mrefu, mnisamehe.

Jibu la haraka ni hilo hilo, Canada. Takwimu zinazotumika sana ni zile za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na zinaipa Canada kilomita 202,080. Dunia yenyewe ukiizunguka kwenye ikweta ni kilomita 40,075, yaani pwani ya Canada ukiinyoosha kama kamba inaizunguka dunia mara tano. Baada yake Indonesia 54,716, Greenland 44,087 (ile iko chini ya ufalme wa Denmark), Urusi 37,653, Ufilipino 36,289, Japani 29,751, Australia 25,760, Marekani 19,924. Norway nimeiacha makusudi, ntakuja nayo, kwa sababu ile ndio iliyonifungua macho.

Sasa tazameni hiyo orodha vizuri. Urusi na ukubwa wake wote imepitwa na Indonesia, na Ufilipino wako nyuma yake kidogo tu. Kwa hiyo ukubwa wa nchi si hoja. Mfano ulionigusa zaidi ni Ugiriki, ile nchi ni ndogo, eneo lake kilomita za mraba kiasi ya 132,000, Tanzania yetu inaimeza mara saba, lakini pwani yake ni kilomita 13,676 na sie Tanzania nzima na visiwa vyetu tunapewa 1,424. Karibu mara kumi! Ni umbo. Ugiriki imechanikachanika, rasi zimetokeza kama vidole, visiwa vimetawanyika kila pahala.

Na Canada je, nani kaichana? Barafu. Miaka kiasi ya 20,000 iliyopita karibu nchi yote ile ilikuwa chini ya barafu nene ya kilomita na zaidi, ikisogea polepole ikachimba mabonde, ikasaga majabali, na ilipoyayuka bahari ikapanda ikaingia kila palipochimbwa. Ndio maana kule kaskazini kuna visiwa vinavopita 36,000, na kimoja tu, Baffin, ni kikubwa kuliko nusu ya Tanzania. Na ile ghuba ya Hudson hapo katikati ni bahari nzima imeingia ndani ya nchi. Jambo la ajabu, ardhi kandokando ya Hudson mpaka leo inapanda kiasi ya sentimita moja kwa mwaka, kwa sababu ule mzigo wa barafu umeondoka, ni kama godoro lililokaliwa na mtu mzito halafu kanyanyuka. Kwa hiyo pwani yao bado inahama.

Sasa kuhusu uzi wa cherehani. Nilichukua atlasi ya yule mtoto, ramani ya Tanzania nzima, Pemba humo ni kama punje ya mpunga. Nikachukua uzi mweusi, nikaulowesha ukae pahala pake, nikauzungusha kisiwa chote, dakika haikwisha nishamaliza. Umbo lake humo ni kama yai lililobonyea. Siku ya pili nikaenda kwa rafiki yangu ana ramani kubwa ya Pemba peke yake, inafunika meza. Uzi ule ule. Hapo ndipo nilipotaabika. Unaanzia Mkoani, unapanda, kabla hujafika popote unatakiwa uingie hori (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu), utoke, uingie tena, Makoongwe unaizunguka peke yake, Misali peke yake, ukifika Wesha unazama ndani mpaka Chake halafu unarudi nje upande wa pili kufuata Ras Mkumbuu, ile rasi nyembamba ndefu, unakwenda unarudi, halafu Fundo, Wete, Njao, adhana ya magharibi imeniita hata Kigomasha sijafika. Nilipomaliza kesho yake na kubadilisha kwa kipimo cha kila ramani, ile ya pili ilizidi ya mwanzo zaidi ya mara mbili. Kisiwa ni kile kile kimoja. Pemba haikukua usiku.

Kumbe hili wenzetu washaliona zamani. Muingereza mmoja Lewis Fry Richardson alikuwa anachunguza mipaka ya nchi, akakuta Hispania wanasema mpaka wao na Ureno ni kilomita 987 na Wareno wanasema 1,214, mpaka huo huo mmoja. Akagundua ukipima kwa fimbo fupi unapata urefu zaidi, kwa sababu fimbo fupi inaingia kwenye vipindo ambavyo ndefu inaviruka. Baadae, 1967, mwanahisabati Benoit Mandelbrot akaliandikia makala lililokuwa maarufu, akiuliza pwani ya Uingereza ina urefu gani. Ukiipima kwa fimbo ya kilomita 200 unapata kiasi ya 2,400, kwa fimbo ya kilomita 50 inakuwa 3,400, na ukizidi kuifupisha inazidi kurefuka, haifiki pahala ikatulia.

Nimechoka kwa leo. Mwenye la kuongeza karibu, Norway ntarudi nayo inshaallah.

Mnungwi Halisi

Waalaykum salaam. Uzi mzuri ila sheikh umeipendelea Pemba. Unguja ni kubwa kuliko Pemba, hilo linajulikana, basi na pwani yake lazma iwe ndefu zaidi. Sie Nungwi mpaka Kizimkazi ni mwendo wa gari zaidi ya saa, nyie kisiwa chenu hakifiki hata hapo.

Dada Tumbe

Shukran kaka. Mwanangu nae kaletewa swali kama hilo hilo, nilikuwa sijui nimwambie nini.

Mtu wa Wesha

@Mnungwi Halisi ndugu yangu nimekusikia, tena nimefurahi umelisema kwa sababu ndilo kosa lile lile la yule babu wa barazani na Urusi yake. Kubwa si ndefu.

Zitazame pwani mbili hizi. Mashariki ya Unguja kuanzia Pwani Mchangani kushuka Kiwengwa, halafu Bwejuu, Paje, Jambiani, mchanga umenyooka kilomita kwa kilomita na mwamba uko mbele yake unalinda, uzi unapita bila ya tabu. Palipokatika sana ni Chwaka na ile ghuba ya Menai kule kusini. Pemba si hivo, Pemba ni vilima na mabonde, bahari imeingia mabondeni zikawa hori, na nje ya hori kuna vijisiwa, na baina ya vijisiwa kuna milango. Mashariki nako usidhani ni shwari, muulize mtu wa Kojani. Sisemi Pemba imeishinda Unguja, ninachosema ni kwamba huwezi kujua kwa kutazama eneo, lazma upime, na ukipima useme umetumia fimbo gani.

Halafu visiwa hivi viwili hata asili yao haifanani. Unguja imekaa juu ya ukingo wa bara, maji baina yake na bara ni mafupi, sehemu nyingi hayafiki mita 60. Wakati ule wa barafu niliousema, bahari dunia nzima ilishuka kiasi ya mita 120, kwa hiyo Unguja haikuwa kisiwa, ilikuwa bara, mtu anakwenda kwa miguu. Na ushahidi upo hapo hapo kwenu, pango la Kuumbi kule Jambiani wataalamu wamechimba wakakuta mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao kisiwani hawapo tena. Pemba ina mkondo wenye kilindi, unafika mita 800 hivi, maji yakishuka mita 120 wala haisikii. Sie tulikuwa kisiwa wakati nyie ni bara. Kwa maana hiyo ukiuliza pwani ya Unguja ilikuwa na urefu gani zama hizo, jibu ni kwamba Unguja haikuwa na pwani ya magharibi kabisa.

Mnungwi Halisi

Subhanallah. Hili la punda milia sijawahi kulisikia na Jambiani nna shemegi yangu. Ntakwenda kuliona hilo pango.

Bibi wa Mwani

Watoto wangu hamjambo. Mie nalima mwani Paje, tangu mwanzo mwanzo ulipoletwa, mwishoni mwa miaka ya themanini, nilikuwa kijana. Nna suali langu. Huo uzi mnaupitisha wapi? Kwetu maji yakiwa bamvua yakitoka yanakwenda mbali mpaka karibu na mwamba, tunatembea kwa miguu mwendo mrefu kufika kwenye kamba zetu, mchanga, nyasi za bahari, vidimbwi, yote ni nchi kavu. Saa sita baadae pale pale nilipofunga tai tai zangu (vijikamba vya mwani) kuna maji ya kumpita mtu kimo. Sasa pwani ni ipi, ya asubuhi au ya mchana? Na maji mafu je, hayatoki hata nusu ya huko.

Mtu wa Wesha

Shkamoo bibi. Wallahi suali lako ndilo suali lenyewe, na limewashughulisha hata wanasheria wa dunia.

Kwetu tofauti ya maji kujaa na maji kupwa siku ya bamvua inafika kiasi ya mita 4. Pwani ikiwa imeteremka ghafla, kama mawe ya maweni kule kusini, hizo mita nne zinapanda na kushuka kwenye ukuta tu, mstari hausogei. Lakini Paje palivo tambarare mita nne za kimo zinakuwa ni mwendo mrefu wa mlalo, ndio huo unaoutembea. Na kuna walio na makubwa zaidi, Canada hiyo hiyo wana ghuba inaitwa Fundy, maji yanapanda mpaka mita 16, yaani mnazi mzima unafunikwa. Mashua zao asubuhi zimekaa juu ya tope chini ya gati, mchana zinaelea juu usawa wa barabara.

Sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa ya 1982 imeamua hivi: mstari wa kawaida wa kuanzia ni ule wa maji kupwa, kama ulivochorwa kwenye ramani kubwa za bahari zinazotambuliwa na nchi yenyewe. Kutoka hapo ndipo zinapohesabiwa maili 12 za bahari za nchi na maili 200 za eneo la kiuchumi. Kwa hiyo bibi ule mchanga unaoutembea kwenda kwenye mwani wako, kwa sheria ni ndani ya mstari. Lakini wapimaji wa urefu wa pwani mara nyingi wanafuata mstari wa maji kujaa kwa sababu ndio unaoonekana vizuri kwenye picha za satelaiti, alama yake ipo, takataka na majani yamekaa mstari. Hapo ushapata pwani mbili za nchi moja.

Na kuna pahala hapa kwetu pananifunza zaidi, kisiwa cha Uzi, kule kusini ya Unguja. Niliwahi kwenda zamani kidogo kuzika. Njia yenyewe wakati ule ilikuwa mawe yaliyopangwa katikati ya mikoko, maji yakitoka unapita, yakijaa njia haipo. Tulichelewa kutoka makaburini tukakuta maji yashaingia baina ya mizizi, yanakuja kimya kimya hayana wimbi, kaa wanapanda juu ya mikoko, tukakaa kungoja mpaka yatoke tena usiku. Pale nusu ya siku ni kisiwa na nusu ya siku ni rasi ya Unguja. Uzi wangu pale niupitishe wapi? Na mikoko yenyewe, maji yanaingia ndani yake mpaka uvunguni, ukisema ufuate ukingo wa maji utazunguka kila mti.

Bibi wa Mwani

Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Sasa nimefahamu.

Dago Kojani

Mie mvuvi, sina mengi ya vitabu. Nimekwenda dago mpaka Tanga, Mafia, Shimoni huko Kenya. N'nachojua pwani iliyokatika ndio pwani ya mvuvi. Kusi likichachamaa unatafuta hori unaingia, unatia nanga, unalala. Pwani iliyonyooka hakuna pa kukimbilia, ukikutwa na upepo pale wewe na Mungu wako. Na samaki wadogo wanakulia humo humo kwenye mikoko na nyasi, wakishakuwa wakubwa ndio wanatoka nje. Kwa hiyo huo urefu mnaousema kwangu mie ni chakula. Suali langu, Urusi na Canada pwani yote hiyo wanaifanyia nini, nasikia maji yanaganda?

Mtu wa Wesha

@Dago Kojani umesema kweli tupu, na suali lako ni zito.

Yanaganda kweli. Sehemu kubwa ya pwani ya Canada iko kaskazini kabisa, miezi mingi ya mwaka ni barafu, watu ni wachache sana, vijiji vya Wainuit, wenyeji wa kule, vimeachana mbali. Ile njia ya kupita baina ya visiwa kutoka Atlantiki kwenda Pasifiki watu waliitafuta mamia ya miaka, wengi walipotea na meli zao, mtu wa mwanzo kuivuka yote kwa chombo ni Roald Amundsen wa Norway na ilimchukua kuanzia 1903 mpaka 1906. Miaka mitatu! Urusi nao upande wa kaskazini ni hivo hivo, ndio maana kihistoria wametaabika kutafuta bandari isiyoganda. Murmansk iko kaskazini mno lakini haigandi kwa sababu mkondo wa maji ya moto unatoka Atlantiki unafika mpaka kule. Kwa hiyo pwani kilomita 37,653 na bandari nzuri za mwaka mzima ni chache.

Indonesia ni kinyume chake. Visiwa zaidi ya 17,000, maji ya moto, mikoko mingi kuliko nchi nyengine yoyote, watu wamejaa pwani. Na hawa wamepigania bahari yao kwa hoja. Walipopata uhuru, kila kisiwa kilikuwa na maili zake tatu tu, katikati ya visiwa vyao ni bahari ya wote, meli za kigeni za kivita zinapita watakavo. Disemba 1957 waziri mkuu wao Djuanda akatangaza kwamba maji yote yaliyo baina ya visiwa vyao ni ya Indonesia, nchi ni moja, ardhi na maji. Mataifa makubwa yalikataa. Miaka 25 baadae sheria ya 1982 ikalikubali wazo lile kwa mataifa ya visiwa. Mie nikisoma hilo kama mtu wa kisiwani najisikia vizuri, kwa sababu kwetu pia mkondo si mpaka, mkondo ni njia, babu zetu wamevuka kila msimu.

Na Norway ndio hapa pahala pake. Ukichukua pwani ya bara ya Norway ukairuka ruka tu kwa mstari wa nje unapata kiasi ya kilomita 2,500. Ukiingia kwenye fiodi zao, yale mahori marefu yaliyochimbwa na barafu yenye kuta za milima pande mbili, inapita 25,000. Ukitia na visiwa inapita 100,000. Ndio maana orodha moja inaiweka ya pili duniani na nyengine inaiweka ya nane, na hakuna aliyedanganya. Fiodi yao moja, Sognefjord, inaingia ndani ya nchi zaidi ya kilomita 200 na kina chake kinapita mita 1,300, yaani zaidi ya mkondo wa Pemba, na iko katikati ya milima! Hori la Chake tunalolijua sie, la kupiga upondo maji yakitoka, ni mtoto mchanga mbele yake.

Sasa Waingereza walikuwa wanakuja kuvua kwenye maji hayo, Norway ikasema sie tunapima kwa kuunganisha ncha za visiwa vya nje kwa mstari ulionyooka, hatufuati kila pindo, na yaliyo ndani ni yetu. Kesi ikaenda Mahakama ya Kimataifa, na 1951 Norway ikashinda. Unaona hapo faida ya kujua kupima, kwa kutafuta urefu wanahesabu kila pindo, na kwa kutafuta maji yao wananyoosha mstari. Na mvuvi wao mdogo mdogo ndiye aliyefaidika.

Jiografia Fomu Tu

Maalim Mtu wa Wesha, mbona Afrika haimo kwenye hiyo orodha kabisa? Bara lote hili? Na je kwa Afrika nani wa kwanza?

Mtu wa Wesha

Wa kwanza ni Madagascar, 4,828. Bara lenyewe anaongoza Somalia 3,025, kwa sababu ile pembe imetokeza ina bahari pande mbili. Afrika Kusini 2,798, Msumbiji 2,470, Misri 2,450. Kenya 536.

Kwa nini ndogo, kwa sababu Afrika ni bara lililokatwa likanyooka. Zamani hizo za zamani liliungana na Amerika ya Kusini, India, Australia, Madagascar, yakaachana, na pale lilipokatika pamebaki ukingo usio na vidole vingi. Barafu haikufika kuja kuchimba. Bara zima pwani yake inatajwa kuwa kiasi ya kilomita 30,000 tu, na Ulaya ambayo ni theluthi ya ukubwa wetu inatupita. Na hili lina maana yake katika historia, bandari za asili zenye kina na kujificha upepo barani zilikuwa chache, ndio maana visiwa kama Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa vikawa na thamani ile. Chombo kilichokuja na kaskazi kilihitaji pahala pa kungojea kusi miezi kadhaa bila ya kupigwa.

Sina Haraka

Kwa maelezo haya basi namba zote ni za uongo tu, kila mtu anajipimia anavotaka. Mtoto akaandike nini sasa.

Mtu wa Wesha

Hapana ndugu yangu, hapo siungi mkono. Si uongo, ni kwamba namba bila ya fimbo yake haijakamilika, sawa na mtu akwambie kitambaa hichi ni tano, tano nini, shibiri, dhiraa au mita?

Mfano wa karibuni ni India. Miaka na miaka watoto wao wamesoma kwamba pwani ya India ni kilomita 7,516. Juzi juzi hapa serikali yao imepima upya kwa ramani zenye maelezo zaidi ikatangaza 11,098. Hawakuongeza mchanga hata ndoo moja. Japani nao 2023 walihesabu visiwa vyao upya kwa ramani za kisasa, kutoka 6,852 wakapata 14,125. Ufilipino walikuwa wakisema 7,107, baada ya kupima upya ni 7,641. Na Marekani ile ile inayopewa 19,924, mamlaka yao ya bahari ikiingia kwenye kila hori na midomo ya mito mpaka yanapofikia maji ya bahari inapata zaidi ya 140,000. Chile pia, ile nchi nyembamba, wanaipa 6,435 lakini ukishuka kusini kwenye visiwa na fiodi zake inakuwa mara nyingi zaidi ya hapo. Na Sweden ina visiwa 267,570, nyingi kuliko nchi yoyote, mawe mawe tu mengi yake, lakini kwenye orodha ya CIA pwani yake 3,218.

Na pwani nyengine zinafupishwa na watu wenyewe. Waholanzi 1932 walimaliza kujenga boma la Afsluitdijk, kilomita 32, wakaifunga ghuba nzima ikawa ziwa. Baada ya mafuriko makubwa ya 1953 wakaendelea kufunga midomo ya mito kule kusini, makusudi kabisa, ili ukingo wa kulinda upungue kiasi ya kilomita 700. Kwao kila kilomita ya pwani ni kilomita ya kuikinga bahari isiingie, kwa hiyo ndefu si sifa, ni gharama. Hili linanigusa kwa sababu nimeona kwetu mashamba ya mpunga yaliyoingiwa na maji ya chumvi, watu wamelia. Pwani iliyokatika ina chakula kama alivosema Dago, lakini pia ina milango mingi ya maji kuingilia, na mkoko ukikatwa pale mlangoni hakuna boma jengine tulilonalo.

Kwa hiyo mtoto nimemwambia aandike Canada, Norway, Indonesia, Greenland na Urusi, na chini yake aandike kwamba Norway imehesabiwa na fiodi na visiwa. Maalim wake akimkatia alama ntakwenda mwenyewe skuli kuzungumza nae kwa heshima.

Dada Tumbe

Tupe na matokeo ya mtoto kaka, tunangoja.

Mtu wa Wesha

Nimerudi. Maalim kampa zote tano, na kamuita mbele akaelezee darasa lile jambo la uzi. Kwa furaha hiyo Jumamosi bamvua nikamchukua Wesha, nikamwambia leo tunapima pwani ya kweli si ya karatasi.

Tulichagua kijihori kidogo tu, baina ya mikoko miwili mikubwa, ukisimama huku unamuona mtu kule. Maji yametoka, tope limeiva. Kwa kukata moja kwa moja alihesabu hatua zake 19. Halafu nikamwambia sasa fuata ukingo, ingia ndani, kila kipindo, usiruke. Akaenda, mguu unazama, anatoa, kaa wanakimbia mbele yake, akapotea nyuma ya mizizi namsikia sauti tu anahesabu kwa nguvu, akatokea upande wa pili kafika 84, kiatu kimoja mkononi. Tukakaa juu ya gogo. Maji yalipoanza kurudi nikamwambia hesabu tena, akaniangalia, ule ukingo alioukanyaga haupo, maji yashapanda kwenye ukingo mwengine wa ndani zaidi, wenye vipindo vyake vyengine. Akaanza upya. Safari hii alifika 61 maji yakamfika magotini nikamwita arudi.

Ameandika kwenye daftari zote tatu, 19, 84, na 61 na mstari mbele yake, anasema ile ya tatu ataimaliza bamvua lijalo.

Dago Kojani

Mlete Kojani huyo mtoto, nna dau, tumzungushe kisiwa kizima ahesabu kwa pigo la kasia.